Maziwe, Kuanzia Saa Nne Hadi Saa Nane

Desemba iliyopita tulikwenda Maziwe, watu saba, sita wa Tanga mjini na mmoja mgeni wa Dar aliyeona picha kwenye simu akatung'ang'ania mpaka tukakubali. Picha zile unazijua: mchanga mweupe katikati ya bahari, maji ya kijani, watu wamesimama kama walioshushwa kutoka angani. Hakuna mti, hakuna nyumba, hakuna choo. Mchanga tu, kilometa zipatazo 8 kutoka ufuko wa Ushongo, wilaya ya Pangani, na siku za sikukuu hujaa watu kama gulio.

Nilikusudia kuandika historia, lakini naomba nivumiliwe nianze na safari, maana bila safari nisingeuliza chochote.

Tulitoka Tanga alfajiri. Barabara ya kwenda Pangani inapita upande wa Machui, alikozaliwa Shaaban Robert mwaka 1909, halafu Tongoni penye magofu ya msikiti na makaburi ya nguzo. Kwenye mafungu ya pwani hiihii ndiko Vasco da Gama alikoichoma meli yake moja, São Rafael, Januari 1499, kwa sababu mabaharia waliobaki hai hawakutosha kuendesha meli tatu. Ukifika Pangani upo mahali ambapo Wajerumani walimnyonga Bushiri bin Salim, 15 Desemba 1889. Vita vile Hemedi bin Abdallah wa Tanga alivitungia utenzi mzima. Yaani kila ukisimama kununua korosho, umesimama juu ya kitabu cha mtu.

Pangani tukavuka mto kwa pantoni, pamoja na mbuzi na bodaboda, tukaenda Ushongo. Nahodha wetu alikuwa mzee wa makamo ya sabini hivi, na kijana wake kwenye mashine. Kabla hatujapanda akatwambia, "Sikukuu yenu imeangukia bamvua, wanangu. Saa nne maji yatakuwa yamekupwa, mtapata mchanga wa kutosha. Saa nane nataka wote mko chomboni."

Rafiki yetu wa Dar akacheka. "Mzee wangu, si tumelipia siku nzima?"

"Mmenilipa mimi," akasema, na kuanza kupakia maji ya kunywa.

Sitachosha mtu kwa habari za starehe. Kulikuwa na vyombo vinne vingine, spika mbili zikishindana, miavuli, pilau kwenye hotpoti, watoto wanafundishwa kuogelea, na watu wamelala kifudifudi majini na miwani yao wakitazama samaki kwenye matumbawe. Tulicheza. Shoga yangu mmoja, ambaye ofisini hatoi hata tabasamu, alicheza mpaka khanga ikachukuliwa na maji. Ilikuwa siku njema na siitubii.

Nilipochoka nikaenda kuketi karibu na nahodha, kwenye kivuli cha chombo, maana kivuli kingine hakikuwepo. Nikamuuliza kwa nini kila mara anasema "kisiwa", wakati kijana wake anasema "fungu". Swali la mtu anayependa maneno, basi. Akanijibu kwamba kijana anasema alichokikuta. Yeye alikuja hapa kupiga dago na baba yake, wakilala siku kadhaa chini ya mivinje, wakikausha samaki. Akanyoosha mkono kuelekea spika: pale palikuwa na mivinje. Na pale. Na kule majini, wanakorukaruka wale watoto, ndiko walikokuwa wakipikia.

Kwa Kiswahili tofauti ni kubwa. Kisiwa ni mahali, kina miti na watu wa kukitaja. Fungu ni mchanga unaotokea maji yakipwa, na nahodha hulijua ili asilipande. Maziwe, au Maziwi kama ramani nyingine zinavyoandika, ilihama kutoka neno la kwanza kwenda la pili katika umri wa mtu mmoja, na huyo mtu alikuwa amekaa karibu yangu anakunywa chai.

Kisiwa kilikuwa na msitu wa mivinje, na kilikuwa maarufu kwa kasa. Aina tatu za kasa zilitaga pale, pamoja na ng'amba, yule mwenye gamba lililotafutwa na wafanyabiashara tangu zamani. Mwongozo wa mabaharia ulioandikwa kwa Kigiriki katika karne ya kwanza, Periplus ya Bahari ya Erithrea, unataja magamba hayo miongoni mwa bidhaa za Rhapta, bandari ya pwani yetu ambayo wanazuoni hawajaacha kubishana ilikuwa wapi. Kabla ya kufika huko mwandishi anaeleza kisiwa cha chini chenye miti na kasa, ambako watu walitumia vyombo vya kushonwa kwa kamba na kutega samaki kwa vikapu. Mitepe na madema, mtu wa pwani atasema mara moja. Kisiwa hicho wengi hukidhani Pemba au Unguja au Mafia, na mimi sidai kuwa ni Maziwe. Nasema tu kwamba kasa wa visiwa hivi waliingia kwenye maandishi mapema kuliko sisi.

Miaka ya 1970 serikali iliitenga Maziwe kuwa hifadhi. Kufikia mwanzoni mwa miaka ya 1980 hapakuwa na mti hata mmoja. Yaani sheria ya kukilinda kisiwa ilikuwa bado mpya kisiwa kilipozama. Leo ni Eneo Tengefu chini ya sheria ya hifadhi za bahari ya mwaka 1994. Unalipa kiingilio, unapewa risiti, halafu unakwenda kukanyaga kilichobaki.

Nini kilitokea? Wapo wanaosema miti ilikatwa kwa kuni na mbao, mizizi ikaacha kushika mchanga. Wapo wanaosema bahari ilipanda na mikondo ikabadilika, miti ingeanguka hata kama shoka lisingegusa. Mimi naona sababu hizi hazigombani: kisiwa cha mchanga hakina mwamba wa kukitegemeza, kikipoteza mizizi mwaka ambao bahari nayo ina njaa, kwisha. Nilimuuliza nahodha kama wao walikata. Akanyamaza kidogo. "Tulikata matawi ya kupikia. Kila mtu alikata matawi ya kupikia."

Hapo nilijisikia vibaya kwa swali langu. Nilikuwa nimeuliza kama hakimu, na mkononi nimeshika sahani ya pilau iliyopikwa kwa mkaa.

Lakini kasa hawakuambiwa. Kasa jike hurudi kutaga kwenye pwani aliyoanguliwa, na huchukua miaka 20, 30, hata zaidi, kabla ya kukomaa. Aliyeanguliwa chini ya mivinje ya mwisho anaweza kuwa hai na anarudi mpaka leo, anapanda mchanga usiku, anachimba, anataga mayai mia na ushei, anafukia, anaondoka. Bamvua ikija maji yanapita juu ya kiota na mayai yanakufa kwa kukosa hewa. Ndiyo maana watu wa Ushongo huyachimbua mayai yale mapema na kuyafukia upya kwenye ufuko wa bara. Baada ya siku 50 au 60 wadogo hutoka na kukimbilia majini. Hao wakikomaa wataijua Ushongo kama kwao.

Vita vya Bushiri vilipata utenzi. Meli ya Mreno ina kurasa zake. Kuhusu kupotea kwa Maziwe nimeona ripoti za wataalamu, tena kwa Kiingereza. Kwa Kiswahili nimekuta vipeperushi vya watalii na mzee mmoja kwenye kivuli cha chombo.

Saa nane kasorobo akasimama na kupiga kelele. Rafiki yetu wa Dar alikuwa bado anabisha, mpaka maji yalipobeba kandambili zake. Tukabeba hotpoti vichwani, maji mapajani. Tulipokuwa tunang'oa nanga mchanga ulikuwa umebaki mstari mwembamba, kama mkeka, na watu wa chombo cha mwisho wamesimama juu yake wakipigana picha.

Nikamuuliza nahodha mivinje ilikuwa mingapi. Akasema hakuwahi kuihesabu, nani angehesabu miti? Ila ule waliolala chini yake, yeye na baba yake, ulikuwa umeinama upande wa kusi, na baba yake alikuwa akitundika jarife kwenye tawi la chini.

Kijana akawasha mashine, tukapita juu ya pale tulipolia pilau.