Kingi na Scotchi: Mombasa ilipojivika sare

Katika Mombasa ya miaka ya 1880, nguo ilikutajia mtu kabla hajafungua kinywa. Mwungwana alitoka na kanzu, kilemba na makubadhi, na siku kubwa akaongeza joho na jambia. Mtumwa alikwenda kichwa wazi na miguu mitupu, kwani kofia na viatu havikuwa haki yake. Mke wa kiungwana hakupita Ndia Kuu ila akiwa ndani ya shiraa, hema la kitambaa lililobebwa na watumwa pande zote, naye katikati asionekane hata kidole. Mjakazi alijifunga kaniki, akapita uso wazi akielekea kisimani. Katika mji wa namna hiyo, kuvaa nguo isiyo yako lilikuwa jambo zito, na aliyethubutu kulifanya hadharani alikuwa na neno la kusema.

Nalitaja hili kwa sababu kila mwaka, ikikaribia tarehe 31 Oktoba, simu zetu hujaa picha za Wamarekani waliojigeuza mizuka, wachawi na wafalme kwa ajili ya Halloween. Bustani za burudani zimeifanya biashara kubwa: Knott's Berry Farm ya California ilianza kuandaa usiku wa kutisha mwaka 1973, na Disney huko Florida ikaanza karamu yake ya Halloween mwaka 1995, ambapo hata watu wazima huruhusiwa kuingia wamejigeuza, jambo ambalo siku nyingine wanakatazwa. Wapo kwetu wanaoiga sherehe hiyo, na wapo wanaowalaumu kwamba wameleta pwani jambo lisilowahi kuonekana. Hao wa pili nawaomba wasikilize. Watu wazima wa Mombasa walijigeuza majenerali na wafalme, wakapita barabarani mchana kweupe huku mji mzima ukiwatazama, zaidi ya miaka 100 iliyopita. Mchezo wenyewe uliitwa beni.

Beni ilizuka pwani katika miaka ya 1890, Lamu na Mombasa zikiwa mstari wa mbele. Ilikuta ushindani uliokwisha kuota mizizi. Waswahili wa Mombasa walikuwa wamegawanyika tangu zamani katika Thelatha Taifa, yaani Wachangamwe, Wakilindini na Watangana, na Tisa Taifa, wakiwemo Wamvita, Wajomvu, Wapate na Wabajuni. Pande hizo zilishindana kwa ngoma, kwa mashairi, kwa karamu na kwa kirumbizi cha fimbo. Upande mmoja ukichinja ng'ombe, wa pili ulitafuta wawili. Kuna waliouza mashamba ili wasiaibike mbele ya wapinzani. Kilichobadilika mwishoni mwa karne ni silaha za ushindani huo, kwa sababu mji wenyewe ulikuwa umepinduka.

Fikiria kijana aliyezaliwa mtaa wa Kibokoni mwaka 1880. Kabla hajafika miaka 30, aliona mamlaka ya pwani yakitoka kwa kampuni ya Kiingereza na kuingia mikononi mwa serikali ya Kiingereza mwaka 1895. Mwaka huohuo Mbaruk wa Mazrui akaingia vitani kuupinga utawala huo, na mwaka uliofuata akashindwa. Ngome Kuu, ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, ikageuzwa jela. Mwaka 1896 reli ilianza kutandazwa kutoka kisiwani kwenda bara. Mwaka 1907 utumwa ulifutwa kisheria katika ukanda wa pwani, na mashamba ya waungwana yakakosa wa kuyalima. Bendera nyekundu ya Sultani wa Zanzibar iliendelea kupepea juu ya Ngome, lakini kila mtu alimjua anayetoa amri. Alivaa kaki, alikuwa na filimbi, na askari wake walitembea kwa hatua moja.

Mifano ya kuigwa ilikuwa karibu. Sultani Barghash wa Zanzibar, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alikuwa na bendi ya ala za shaba iliyopigwa na Wagoa. Ng'ambo ya kisiwa, Freretown, wamisionari wa Kianglikana walikuwa wameanzisha mwaka 1875 kijiji cha watumwa walioachwa huru, na kengele yao bado imesimama pale panapoitwa Kengeleni. Vijana wa Freretown walisoma, walivaa suruali na koti, na walikuwa mbele katika kazi za ofisini. Bandarini meli za kivita ziliteremsha mabaharia waliovaa sare nyeupe. Na kuanzia 1902 kulikuwa na askari wa keya, King's African Rifles, wakipigiwa ngoma na tarumbeta kila wanapopiga gwaride.

Vijana wa mji waliyachukua yote hayo wakayafanya yao. Vikundi vilivyovuma zaidi Mombasa vilikuwa Kingi na Scotchi. Kingi walijinasibisha na mfalme wa Uingereza mwenyewe. Scotchi walichagua askari wa Kiskoti, wakavaa marinda yao mafupi yenye miraba na kupita nayo katika vichochoro vya mji wa Kiislamu ambamo mwanamume alizoea kanzu ndefu hadi kwenye kisigino. Kila kikundi kilikuwa na vyeo kuanzia mfalme na jenerali hadi askari wa chini. Mwanachama aliamrishwa, alipiga saluti, aliadhibiwa kwa kuchelewa, alipandishwa cheo kwa karamu aliyotoa. Walitembea safu kwa safu, wengine na bunduki za mbao, mbele yao wapigaji wa tarumbeta na ngoma kubwa, na nyimbo zilizowachoma wapinzani mpaka mfupani.

Mahali pa kuuona ushindani huo ni palepale unapopita leo: njia nyembamba za Mji wa Kale, ambako roshani za mbao zinakaribia kugusana na watu wawili wenye mizigo hupishana kwa kugeuka ubavu. Ingiza humo safu za wanaume wenye sare, na ngoma kubwa ambayo mlio wake unagonga kuta za matumbawe na kurudi. Hakuna aliyebaki ndani akijidai hakusikia. Wanawake walitazama kupitia madirisha ya juu, watoto walikimbia mbele ya tarumbeta, na kikundi cha pili kilikuwa mahali fulani kikihesabu makosa.

Wazungu wengi waliotazama walicheka, wakaona watu wanaoiga mabwana wao. Nakataa kabisa tafsiri hiyo. Mwanahistoria Terence Ranger, aliyeandika kitabu kizima kuhusu beni kilichotoka mwaka 1975, alionyesha kwamba mchezo huu ulikuwa mwendelezo wa mashindano ya zamani ya pwani kwa vifaa vipya. Katika Mombasa wengi wa walioongoza walikuwa vijana wenye nafasi, wenye fedha za kununulia ala na nguo, na hawakuwa watumwa wa macho ya Mzungu. Mtu aliyekulia katika mji ambao nguo ni cheo, akiona cheo kimehama kutoka kwenye joho kwenda kwenye kaki, ataifuata kaki. Naye mtoto wa mtumwa, ambaye baba yake alikatazwa hata kofia, sasa aliweza kuvaa kofia ya jenerali. Sidhani kuna sheria ya mwaka 1907 iliyomwambia yuko huru kwa sauti kubwa kuliko hiyo.

Si hapa tu watu walifanya hivyo. Trinidad, baada ya utumwa kufutwa katika makoloni ya Uingereza miaka ya 1830, waliokuwa watumwa waliingia kwenye kanivali, na baadaye sare ya mabaharia wa meli za kivita ikawa mojawapo ya mavazi yao makuu. Watu walioteswa na sare wana haja ya kuijaribu mwilini, waone inavyokaa.

Kisha ikaja Vita Kuu ya mwaka 1914. Mombasa ikawa bandari ya vita dhidi ya Wajerumani waliotawala nchi iliyokuja kuitwa Tanganyika, na maelfu kwa maelfu ya watu wakaandikwa kuwa wapagazi. Askari na wapagazi waliibeba beni hadi bara, na hata upande wa Wajerumani ilikuwa imekwisha kuingia. Vita vilipokwisha, Dar es Salaam ilikuwa na Marini na Arinoti, vikundi vilivyokuwa na matawi miji mingi, na mchezo ulifika Nyasaland na migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Huko, katika miaka ya 1950, mtaalamu J. Clyde Mitchell aliwakuta vijana wakicheza kalela, mjukuu wa beni, na akaandika kitabu chake kilichotoka mwaka 1956. Maafisa wa Kiingereza waliingiwa na hofu baada ya vita: mtandao wa Waafrika wenye majenerali, saluti na barua za mji kwa mji ulifanana mno na jeshi. Walipeleleza. Walichokuta ni watu wanaozikana, wanaouguzana na kuchangiana fedha, na kushindana kwa nguo.

Waliokuwa na hofu ya aina nyingine walikuwa masheikh wa mji wenyewe. Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui, aliyeanzisha gazeti la Sahifa mwaka 1930 na Al-Islah mwaka 1932, na ambaye alikuja kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliwaonya Waislamu wa pwani wasiige Wazungu kwa upofu huku wakiyaacha yaliyo bora kwao na kwa hao Wazungu, yaani elimu na bidii. Namheshimu kwa hoja hiyo, maana watu walifilisika kweli kwa ajili ya ngoma. Lakini beni ilikuwa pia chama cha kusaidiana katika mji ambao ukoo na utumishi wa zamani vilikuwa vimeacha kumtunza mtu, na hilo halikupata watetezi wengi wenye kalamu.

Sehemu ya habari hii ninayoipenda kuliko zote ni ya wanawake. Walikuwa na lelemama, ngoma ya mstari mmoja na mwendo wa taratibu, ambamo mikono hucheza zaidi ya miguu. Nao waliunda vyama, vikapata vyeo, na cheo kilinunuliwa kwa karamu. Vilivyosifika mno Mombasa vilikuwa Ibinaal Watan na Banu Saada. Ushindani wao ulitoka kwenye lelemama ukaingia kwenye gwaride: wanawake waliovaa sare moja, wamepangwa kijeshi, wakitembea mbele za watu katika mji ambao mabibi zao waliwahi kufichwa ndani ya shiraa. Margaret Strobel, aliyezungumza na wengi wao miaka ya 1970, aliandika jinsi ndani ya chama kimoja walivyokaa pamoja waungwana na wazao wa watumwa. Nyimbo zao zilikuwa mahakama. Mwanamke aliyevunja adabu, au mume aliyejiaibisha, alijikuta ameimbwa, na wiki nzima mtaa haukuwa na habari nyingine.

Sare, kuanzia ya gwaride hadi ya leso, ilikuwa na uchumi wake. Leso ilikuwa imeanza kushika pwani tangu miaka ya 1880, na duka la Kaderdina Hajee Essak, ambalo leso zake zina chapa ya Mali ya Abdulla, lilifunguliwa Mombasa mwaka 1887. Liko Biashara Street hadi leo. Nenda pale msimu wa arusi uone akina mama watano wamezunguka kaunta, mmoja ameinua jozi kwenye mwanga akiangalia pindo na kusoma jina, wengine wakibishana kama leso za rangi hiyo zitawatosha wote arubaini watakaovaa sare. Hawaondoki mpaka wamehakikishiwa kwamba gora za kutosha zipo, kwa sababu mmoja akikosa, sare imeharibika. Wanalofanya pale bibi zao wa Banu Saada wangelitambua bila kuelezwa.

Katika miaka ya 1950 magwaride yalianza kupungua. Vijana waliosoma waliona haya, gharama zilikuwa kubwa, na siasa ilikuwa inaita. Lakini wanawake wa vyama hivi hawakurudi jikoni. Ujuzi wa kuitisha mkutano, kukusanya fedha, kuweka nidhamu na kusema mbele za watu waliupata kwenye ngoma, wakauhamishia kwenye Muslim Women's Institute na Muslim Women's Cultural Association, vyama vya elimu na ustawi. Miaka hiyohiyo wanawake wa Kiarabu wa Mombasa waliiandikia serikali kudai haki ya kupiga kura, waliyonyimwa huku wanawake wa jamii nyingine wakipewa. Mtu anayesema gwaride lilikuwa upuuzi na anisimulie shule gani nyingine ya uongozi mwanamke wa Mji wa Kale alikuwa nayo mwaka 1935.

Tarumbeta hazijanyamaza. Arusi nyingi za Mombasa na Unguja bado zina beni ya kumsindikiza bwana arusi, na kusini mwa Tanzania na Malawi mganda na malipenga huchezwa na wanaume waliovaa sare na kushika vyeo. Hapa kisiwani kuna kanivali, na magari yaliyopambwa yamepita Moi Avenue chini ya zile pembe kubwa za ndovu. Watalii huzungushwa Ngome Kuu wakaonyeshwa mizinga na maandishi ya Wareno. Natamani mwongozi akitoka nao pale awaingize Ndia Kuu na kuwaambia pia habari za Kingi na Scotchi.

Kwa anayetaka kusikia sauti zenyewe, Sarah Mirza na Margaret Strobel walitoa mwaka 1989 simulizi za maisha ya Bi Kaje wa Mwenye Matano, Mishi wa Abdala na Shamsa Muhamad Muhashamy, na mwaka 1991 zikatoka kwa Kiswahili kama zilivyosemwa, kwa jina la Wanawake Watatu wa Kiswahili. Zilizobaki zimo majumbani. Mwenye picha ya bibi yake akiwa kwenye gwaride, au ya babu yake aliyevaa nguo ya jenerali, aandike nyuma yake majina ya waliosimama humo, chama chao na mtaa wao, maadamu wapo wazee wanaoweza kuwataja.