Tangi tupu la gari la zamani ni hatari kuliko lililojaa

MMILIKI wa gari la zamani katika kijiji cha Msuka, Wilaya ya Micheweni, kaskazini mwa kisiwa cha Pemba, hupambana na maadui wawili wa tangi la mafuta: chumvi ya bahari na unyevunyevu.

Chumvi hula bati kwa nje. Ndani, tangi lisilojaa huvuta hewa yenye unyevu. Usiku unyevu huo hugeuka matone, nayo maji, kwa kuwa ni mazito kuliko petroli, hutuama chini na kuanzisha kutu. Ndiyo sababu tundu la kwanza mara nyingi hutokea upande wa chini, mahali ambapo dereva hachungulii.

Hapo ndipo gari hupelekwa kwa fundi wa kuchomelea, na hapo ndipo penye hatari kubwa kuliko zote.

Kinachowaka si petroli yenyewe, bali mvuke wake. Petroli hutoa mvuke wa kutosha kushika moto hata katika baridi ya nyuzi 40 chini ya sifuri, sembuse katika joto la Pemba. Mvuke huo huwaka ukiwa kati ya asilimia 1.4 na 7.6 hivi ya hewa. Ndani ya tangi lililojaa na kufungwa, mvuke huzidi kiwango hicho na hewa huwa haba. Lakini tangi lililomwagwa na kuachwa wazi huingiza hewa, na mabaki yaliyojificha ndani ya kutu na mikunjo ya bati huendelea kutoa mvuke. Cheche moja hutosha kulilipua. Tangi la dizeli nalo lisidharauliwe, kwani moto wa kuchomelea huyageuza mabaki yake kuwa mvuke.

Ikiwa hapana budi kuziba tundu, tangi livuliwe garini, lioshwe mara kadhaa kwa maji ya moto na sabuni, kisha lijazwe maji hadi karibu na tundu, mfuniko ukiwa wazi. Kusuuza mara moja hakutoshi. Kwa maoni ya mwandishi, bati lililokwisha kuoza lisizibwe kabisa. Ni nafuu kutengenezesha tangi jipya.

Wapo wanaoliacha tangi bovu na kufunga dumu la plastiki chini ya boneti, petroli ikiteremka yenyewe hadi kwenye kabureta. Huu ni mkato wa hatari. Dumu hulainika kwa joto la injini, na mpira ukichomoka petroli humwagika juu ya bomba la moshi lenye moto, wala hakuna kitu cha kuizuia.

Mahali lilipo tangi pia hutofautiana. Katika Land Rover fupi za miaka ya 1960 na 1970 limo chini ya kiti cha mbele. Katika Volkswagen ya kobe limo mbele, chini ya boneti. Harufu ya petroli ndani ya magari hayo isichukuliwe kuwa ni uzee wa gari tu.

Marekebisho mengine ni ya gharama ndogo. Mipira ya mafuta iliyopasuka au kukakamaa ibadilishwe yote kwa pamoja, ifungwe kwa vibano vya chuma na iwekwe mbali na bomba la moshi. Pampu ya umeme iwe na fyuzi yake pamoja na swichi inayoikata gari linapogongwa.

Mwaka 1978, kampuni ya Ford nchini Marekani iliita magari yapatayo milioni 1.5, mengi yakiwa ya aina ya Pinto, kwa sababu tangi lililokuwa nyuma ya ekseli liliweza kutoboka gari likigongwa kwa nyuma. Tiba ilikuwa ngao ya plastiki mbele ya tangi na bomba refu zaidi la kujazia mafuta. Mmiliki wa gari lenye umbo kama hilo anaweza kuomba ngao ya namna hiyo kwa fundi wake.

Mwisho ni kizimamoto cha poda, kwani maji huisambaza petroli inayowaka. Kifungwe karibu na mlango wa dereva. Kikiwa nyuma, jirani na tangi, hakitafikika siku ya moto.