Wakili Nyuma ya Picha

Andika jina la Elizabeth wa Toro kwenye intaneti na kitakachotangulia ni picha. Shingo ndefu, mashavu yaliyochongoka, macho yanayokutazama bila haraka. Baada ya picha unakuja mkasa wake na Idi Amin. Ukiwa na subira, huko chini utakutana na sentensi moja inayosema alisomea sheria. Mpangilio huo unanikera, maana kwa tarehe mambo yalikwenda kinyume chake: sheria ilitangulia, picha zikafuata, uwaziri ukaja mwisho.

Alizaliwa mwaka 1936, binti wa Rukidi III, Omukama wa Toro, magharibi mwa Uganda. Alisoma Gayaza, kisha Sherborne na Cambridge huko Uingereza, na mwaka 1965 akapokewa kuwa wakili nchini humo, mwanamke wa kwanza wa Afrika Mashariki kufika hapo. Kaka yake aliporithi kiti cha baba yao, Elizabeth akawa Batebe. Neno hili tusilipite mbio. Batebe ni dada rasmi wa mfalme, mwenye cheo chake mwenyewe na sauti katika mambo ya utawala. Hapewi cheo hicho kwa uzuri wa sura. Kwa hiyo alikwishakuwa na wadhifa wa kisiasa kabla mpiga picha yeyote hajamwambia ageuze uso kidogo.

Mwaka 1967 Milton Obote akafuta falme zote, na Batebe akabaki na cheo kisicho na ufalme. Mwaka huohuo Princess Margaret alimwalika kwenye onyesho la mavazi la hisani Uingereza, akaenda. Huko ndiko uanamitindo ulikoanza. Alitokea katika Vogue, na mwaka 1969 akawa kwenye jalada la Harper's Bazaar. Kwangu mimi hii ni habari ya mtu aliyefungiwa mlango wa nyumbani akafungua mwingine. Nashangaa inavyosimuliwa siku zote kana kwamba alizaliwa jaladani.

Amin alipompindua Obote mwaka 1971 alimfanya Elizabeth kuwa balozi asiye na kituo maalumu, na Februari 1974 akampa Wizara ya Mambo ya Nje. Hebu tukitazame kiti chenyewe. Wanume Kibedi, shemeji wa Amin, alikiacha mwaka 1973 na kubaki ughaibuni. Aliyemfuata, Luteni Kanali Michael Ondoga, alifukuzwa kazi, na mwezi mmoja baadaye maiti yake ikapatikana katika Mto Nile. Sijasoma popote Ondoga alikuwa na sura gani.

Aliyemteua Elizabeth ndiye yuleyule ambaye serikali yake ilipiga marufuku sketi fupi mwaka 1972, na baadaye mawigi na suruali kwa wanawake. Machi 1974, mwezi mmoja baada ya uteuzi huo, aliwataliki wake zake watatu kwa mpigo, na redio ikaitangazia nchi nzima. Wapo wanaoona ajabu kwamba mtu wa namna hiyo alimpa mwanamitindo wizara kubwa kiasi kile. Mimi sioni ajabu. Mwili wa mwanamke ulikuwa mali ya serikali: Kampala ufunikwe, New York uonyeshwe.

Basi aliteuliwa kwa uzuri wake? Kwa sehemu, naamini ndiyo. Serikali ile ilikuwa imewafukuza Waasia mwaka 1972, na mwaka huohuo Jaji Mkuu Benedicto Kiwanuka alikamatwa akiwa mahakamani, hakuonekana tena. Nchi yenye doa la namna hiyo ilihitaji uso wa kupeleka nje. Ilihitaji pia ulimi uliojifunza Cambridge, lakini hilo halisemwi sana.

Hapa ndipo habari za sura zinaponitia shaka zaidi, kwa sababu zinamnyang'anya sifa na wakati huohuo zinamwondolea lawama. Ua la mezani haliulizwi kitu. Lakini wakili huulizwa. Mtu aliyesomea sheria alijua vizuri kuliko wengi maana ya jaji kuburutwa kutoka mahakamani kwake. Alijua, na bado alikubali kuisemea serikali hiyo, mpaka katika Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa. Labda aliona kukataa ni hatari kuliko kukubali, na mfano wa Ondoga ungempa haki ya kuogopa. Swali hilo lina uzito, na anastahili kuulizwa kama angeulizwa waziri yeyote mwanamume.

Novemba 1974 Amin alimfukuza. Wanaume waliokosana naye waliitwa wasaliti au wala njama. Kwa Elizabeth ilitolewa sababu nyingine: eti alikuwa amelala na Mzungu katika choo cha uwanja wa ndege wa Paris. Uzuri uleule uliosifiwa wakati wa kumpandisha ndio uliofanya uongo huo uuzike wakati wa kumshusha. Magazeti ya Ulaya, yaliyokuwa yakimcheka Amin kila siku, kwa hili yalimwamini haraka na kulichapa.

Aliwekwa kizuizini nyumbani, na mapema mwaka 1975 akatoroka kuingia Kenya, kisha Ulaya. Huko hakurudi kwanza kwa wapiga picha kusafisha jina lake. Aliyashtaki magazeti kwa kumkashifu, akashinda.

Mwaka 1986 serikali mpya ya Uganda ilimtuma Washington kuwa balozi. Alikuwa na miaka 50, na miaka 21 ilikuwa imepita tangu apokewe kuwa wakili.