Mbio 75 za Johnny Mullagh

Muulize shabiki wa kriketi mechi ya kwanza ya kimataifa ilichezwa lini, atakujibu bila kufikiri: Machi 1877, Melbourne, Australia na Uingereza, siku Charles Bannerman alipopata mbio 165 kabla ya kuumia kidole. Mbishi kidogo atakurudisha nyuma hadi 1844, Marekani na Kanada, mjini New York. Wote wawili wana hoja. Ila orodha inayoanzia 1877 haikuwepo mwaka 1877. Ilipendekezwa mwaka 1894 na Clarence Moody, mwandishi wa habari wa Adelaide, aliyekaa chini akachagua mechi zipi zihesabiwe na zipi ziachwe. Waliocheza Melbourne hawakujua kwamba wanaanzisha kitu.

Mechi ninayotaka kuisimulia haimo katika orodha hiyo. Ilichezwa tarehe 12 na 13 Juni 1868 katika uwanja wa Lord's, London, miaka tisa kabla ya Bannerman. Upande mmoja kulikuwa na klabu ya Marylebone, MCC, wenye uwanja na wenye sheria za mchezo wenyewe. Katika kikosi chao alikuwamo Earl wa Coventry, Viscount Downe na luteni kanali mmoja. Upande wa pili walikuwa Waaborijini, wenyeji wa kwanza wa Australia, wengi wao wachungaji na wakata manyoya ya kondoo kutoka magharibi mwa koloni la Victoria. Hiyo ndiyo timu ya kwanza kutoka Australia kuzuru Uingereza kucheza kriketi. Nahodha wao tu, Charles Lawrence, ndiye alikuwa Mwingereza.

Majina yao kwenye karatasi ya matokeo yanachoma. Twopenny. Mosquito. Red Cap. Sundown. King Cole. Dick-a-Dick. Ni majina ya kupewa na waajiri walioona uvivu kujifunza majina halisi. Sisi ambao babu zetu waliitwa "boi" hata walipokuwa na wajukuu hatuhitaji kuelezwa zaidi. Johnny Mullagh mwenyewe aliitwa jina la shamba la mifugo lililokuwa karibu na mji wa Harrow. Jina lake lilikuwa Unaarrimin.

Kwa msomaji ambaye kriketi kwake ni watu waliovaa nyeupe wakisubiri chai: kila timu ya watu 11 hupata zamu mbili za kupiga. Mpigaji anapotolewa, hiyo ni wiketi moja kwa wapinzani. Zamu huisha wapigaji 10 wakishatolewa, na mwisho mbio za zamu zote mbili hujumlishwa.

MCC walianza, wakatolewa kwa mbio 164. Mullagh alirusha mpira na kuchukua wiketi tano. Kisha akashika gongo. Lord's ya miaka ile ilisifika kwa ubaya wa ardhi yake: vijiwe, mabonde, mpira ukidunda haujulikani utapita usoni au kifundoni. Katika ardhi hiyo Mullagh alipata mbio 75. Timu nzima ilimaliza na 185, yaani alichangia karibu mbio mbili katika kila tano. Wachungaji wa kondoo walikuwa wanaongoza kwa mbio 21, nyumbani kwa wenye sheria.

Zamu ya pili ilikuwa ya Cuzens, ambaye jina lake halisi lilikuwa Yellanach. Alichukua wiketi sita, na MCC wakaishia 121. Piga hesabu: wageni walihitaji mbio 101 kushinda. Wakaanguka wote kwa 45.

Walishindwa kwa mbio 55, na hapo wasimuliaji wengi hufunga daftari. Mimi nabaki kwenye ile 101. Kwa saa kadhaa za mwezi Juni 1868, jambo ambalo nadharia za rangi za wakati ule zilisema haliwezekani lilikuwa limebakiza mbio mia moja na moja tu kutokea.

Kulikuwa pia na ratiba ya baada ya mchezo. Karibu kila walikokwenda, wachezaji walitakiwa kurusha mikuki na bumerangi mbele ya watazamaji waliolipa kiingilio. Kamati ya MCC haikutaka maonyesho hayo uwanjani kwake, lakini yalifanyika. Dick-a-Dick, jina lake Jungunjinanuke, alisimama na ngao nyembamba na rungu lililopinda huku watu wakimrushia mipira ya kriketi kwa nguvu zao zote, akiikinga mmoja baada ya mwingine. Rungu lake limehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Lord's mpaka leo. Huwa najiuliza kwa nini ni rungu lililohifadhiwa na si gongo la Mullagh, kisha najijibu mwenyewe.

King Cole alicheza mechi ile. Tarehe 24 Juni, siku 11 baadaye, alifariki hospitalini London kwa maradhi ya kifua. Alizikwa mashariki mwa jiji, mahali ambapo sasa ni bustani ya Meath Gardens. Pamepandwa mkalitusi wa kumkumbuka. Wenzake waliendelea na safari. Sundown na Jim Crow walirudishwa nyumbani mwezi Agosti wakiwa wagonjwa. Waliobaki walicheza hadi Oktoba: mechi 47, ushindi 14, kushindwa 14, sare 19. Kati ya siku 126 zilizowezekana kuchezwa, walicheza 99.

Mullagh alimaliza ziara na mbio 1,698 na wiketi 245. Alirusha ova 1,877. Najua ni sadfa, lakini nilipoiona namba hiyo kwa mara ya kwanza nilicheka peke yangu maktabani.

Ziara nyingine kama ile haikuwezekana tena. Bodi ya Victoria ya "kuwalinda" Waaborijini ilikuwa imeipinga safari tangu mwanzo, na mwaka 1869 ilipata sheria iliyoipa uwezo wa kuamua Mwaborijini aishi wapi na afanye kazi gani. Yellanach alifariki 1871 kwa kuhara damu. Mullagh alirudi kwenye kondoo. Aliichezea Victoria mara moja, mwaka 1879, dhidi ya kikosi cha Lord Harris kutoka Uingereza, akaongoza timu yake katika zamu ya pili kwa mbio 36. Alifariki 1891, miaka mitatu kabla Moody hajachapisha orodha yake.

Tangu 2020, mchezaji bora wa mechi ya Desemba 26 mjini Melbourne huvishwa medali ya Johnny Mullagh, iliyoundwa kwa mfano wa bakuli la mkanda wa timu ya 1868. Mwaka 2021 aliivaa Scott Boland, mwenye asili ya Wagulidjan, Waaborijini wa Victoria. Alikuwa amewatoa Waingereza sita kwa mbio saba.