Posho, Landi na Dawa: Habari za Afya ya Wafanyakazi katika Nakuru na Bonde la Ufa

Katika mikutano ya Chama limeulizwa mara nyingi swali hili: kwa nini tuendelee kutoa akiba ya ugonjwa na maziko, hali kila mwenye mshahara hukatwa fedha za matibabu kwa amri ya sheria? Swali ni la haki. Lakini jibu lake halimo katika daftari la hesabu peke yake. Yafaa tulitafute katika habari za kazi yenyewe katika nchi hii ya kwetu, tangu siku zile reli ilipoteremka Bondeni.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikafika Nakuru mwaka 1900, na Kisumu mwishoni mwa 1901. Wahindi walioletwa kwa mkataba kuijenga walikuwa 31,983. Katika hao 2,493 walikufa, na 6,454 walirudishwa kwao kwa kuwa hawakuweza tena kazi. Simba wa Tsavo wamepata sifa kubwa vitabuni, lakini homa, kuhara damu na vidonda viliwamaliza watu wengi kuliko simba.

Baada ya reli walikuja masetla, wakagawiwa ardhi Njoro, Molo, Rongai, Solai na Subukia. Ardhi walikuwa nayo, mikono hawakuwa nayo. Mikono hiyo ilitafutwa kwa kodi, kwa machifu, na baada ya Vita Kuu ya Kwanza kwa kipande, ambacho kila mwanamume alitakiwa kukichukua popote aendapo. Wengi walifanya kazi ya tikiti: siku 30 za kazi, zikamilishwe katika muda wa siku 42. Sheria za kazi zilimtaka mwajiri ampe mtu wake mahali pa kulala, chakula na dawa. Chakula kilikuwa posho, yaani ratili mbili za unga wa mahindi kwa siku. Mahali pa kulala palikuwa kibanda alichojijengea mfanyakazi mwenyewe jioni baada ya kazi. Dawa ilitegemea moyo wa bwana shamba, au wa mkewe.

Tume ya Wafanyakazi ya 1912 na 1913 iliitwa ichunguze kwa nini watu hawapatikani. Mashahidi walieleza habari za chakula kibaya, malazi mabaya na kupigwa. Yaani tume ilitumwa kutafuta watu, ikajibiwa kwa habari za afya. Na hapo ndipo penye mzizi wa mambo yote yaliyofuata. Mshahara ulipimwa kwa mtu mmoja asiye na mke wala mtoto, ingawa wengi walikuwa nao. Mke alilima nyumbani na kuwalisha watoto. Na mume akiugua, alirudi kwao akauguzwe na mama yake. Gharama ya kumuuguza haikuandikwa katika daftari la shamba lo lote, na kwa sababu haikuandikwa, ilidhaniwa kwamba haipo.

Vita vya 1914 hadi 1918 vilifunua jambo hilo kwa namna ya kutisha. Waafrika wa nchi hii walichukuliwa kwa makumi ya maelfu kubeba mizigo ya jeshi katika Tanganyika, hasa mwaka 1917 watu walipokusanywa kwa nguvu katika wilaya zote. Jina lao limebaki Kariakoo. Waliouawa na risasi walikuwa wachache. Wengi mno waliuawa na tumbo la kuendesha, homa ya mapafu na malaria. Watu waliozoea wimbi, mtama au ndizi walipewa unga wa mahindi, bila sufuria za kutosha, bila kuni kavu, wala nafasi ya kuupika hata uive. Unga mbichi uliwakata matumbo. Madaktari walipoongeza aina za chakula, wakasimamia upishi na kujenga hospitali za wapagazi, vifo vilipungua. Ushahidi ulio wazi kuliko huo sijui kama waweza kupatikana: mzigo ni ule ule, njia ni ile ile, lakini chungu kilichoivisha uji kiliokoa watu ambao jeshi zima halikuweza kuwaokoa.

Je, somo hilo lilifika mashambani? Lilifika nusu. Maskwota waliokaa na jamaa zao katika mashamba ya Nakuru na Naivasha, ambao sheria ya 1918 iliwataka kumfanyia kazi mwenye shamba siku zisizopungua 180 kwa mwaka, walikuwa na ng'ombe na mbuzi wao, na watoto wao walikunywa maziwa. Ndipo katika miaka ya 1920 kikaja kile wazee walichokiita kifagio: mifugo yao ilifagiliwa, ikauzwa au kuondoshwa, ili mfanyakazi ategemee mshahara tu. Mwaka 1931 Dk. Gilks na mwenzake Orr walitoa matokeo ya uchunguzi wao juu ya Wamasai na Wakikuyu, wakionyesha jinsi chakula cha maziwa na nyama kilivyojenga mwili kuliko cha nafaka peke yake. Serikali ilikuwa na maarifa hayo mkononi. Hata hivyo sheria ya maskwota ya 1937 ilizidi kukaza.

Mjini, wafanyakazi wa reli walipewa landi, zile nyumba za safu ambazo wazee wengi wanaosoma kijitabu hiki walizaliwa humo. Chumba kilikuwa kidogo, lakini kilikuwa cha mawe, maji yalikuwa karibu, na reli ilikuwa na madaktari wake. Kwa hiyo watu wa reli walionewa wivu na watu wa mashamba. Mwaka 1947 Mombasa iligoma, na Chege Kibachia, kiongozi wa Shirikisho la Wafanyakazi Waafrika, akakamatwa na kuwekwa kizuizini Kabarnet, hapa hapa kwetu Bondeni.

Mwaka 1954, katikati ya Hali ya Hatari, Kamati ya Carpenter juu ya mishahara ya Waafrika ilisema wazi yale ambayo kila mke wa mfanyakazi aliyajua: mtu anayelipwa mshahara wa kapera hawezi kutulia kazini, na asiyetulia hawezi kuwa fundi. Ilishauri mshahara uinuliwe hatua kwa hatua mpaka utoshe jamaa, tena pawepo nyumba na tegemeo la uzeeni. Mtu aweza kusema kamati ilifikiri faida ya waajiri. Ndiyo, ilifikiri. Lakini ilikuwa mara ya kwanza afya ya nyumba ya mfanyakazi kuandikwa katika hesabu ya kazi.

Uhuru ulileta vyombo vipya. Mwaka 1963 vyama vya watu wa mashamba viliungana kuwa Chama cha Wafanyakazi wa Mashamba Makubwa na Kilimo, makao yake Nakuru. Mwaka 1966 iliundwa Bima ya Taifa ya Hospitali. Lakini lililazimishwa tabaka moja tu: wenye mshahara wa shilingi 1,000 kwa mwezi au zaidi, nao walitoa shilingi 20. Mchuma pareto wa Molo hakuwa na mshahara huo hata kwa ndoto. Ni mwaka 1972 tu ndipo mlango ulipofunguliwa kwa wengine kwa hiari yao.

Jambo lingine ambalo miaka imetufundisha ni kwamba dawa iliyofungwa katika kazi huondoka pamoja na kazi. Shirika la Reli la Afrika Mashariki lilipovunjika 1977, na reli ya Kenya ilipokodishwa kwa kampuni mwaka 2006, kila mabadiliko yaliacha wastaafu wakiuliza haki zao ziko wapi. Kiwanda cha betri cha Eveready, ambacho Nakuru ilikijua tangu miaka ya 1960, kilifungwa mwaka 2014. Huko Naivasha mashamba ya maua yameajiri maelfu ya watu, wengi wao wanawake, na sheria za 2007 ziliamuru kamati ya usalama kila mahali penye wafanyakazi 20 au zaidi, pamoja na miezi mitatu ya likizo ya uzazi yenye malipo. Ni mambo mema. Lakini kibarua wa msimu, aliyesimamishwa maua yanapokosa soko, hubaki langoni.

Tangu tarehe 1 Oktoba 2024 Bima ya Afya ya Jamii imechukua mahali pa ile ya 1966. Mwenye mshahara hukatwa asilimia 2.75, isiyopungua shilingi 300 kwa mwezi. Asiye na mshahara hupimwa uwezo wake, na sheria imemtaka atoe mchango wa mwaka mzima. Ni kwa huyu wa pili, na kwa yule aliyeachishwa kazi juzi, ndipo akiba yetu hutumika zaidi. Maombi yao yaliyoletwa mbele ya Halmashauri mwaka huu, pamoja na hesabu ya mfuko, yamechapwa katika kurasa zinazofuata, ili wanachama wayasome kabla ya Mkutano Mkuu kuamua kiasi cha mchango.