Uchachushaji: Ndoo Iliyochacha Mara Mbili

Karatasi ya kutengenezea divai ya choya niliyopewa na jirani ilikuwa na mistari sita tu. Choya kavu gramu 200, maji lita 5, sukari kilo 1, hamira kijiko kimoja cha chai. Chemsha choya, chuja, koroga sukari, subiri ipoe iwe vuguvugu, tia hamira. Mstari wa mwisho ulisema: acha ichache siku 10. Nikafunika ndoo kwa kitambaa, na kila jioni nikainusa nikitafuta ile harufu ya wali uliolala, maana kwetu kitu kikichacha hujulikana kwa pua. Siku ya kumi sikuisikia. Nikaongeza wiki mbili. Nilichokuja kuchuja kilikuwa siki nyekundu, lita 5 nzima.

Kosa halikuwa la jikoni, lilikuwa la neno.

Vitabu vya sayansi huita kazi hii uchachushaji: vijidudu huivunja sukari na kujipatia nguvu pasipo kutegemea oksijeni, na kinachobaki huwa kileo, au asidi kama ile ya mtindi. Neno limejengwa vizuri. Kuna kuchacha, kuna chachu inayokifanya kitu kichachuke, kisha kuchachusha, ambako tayari yupo mtu mwenye nia, na ndoo yake, na saa yake. Shida iko kwenye shina. Ukimwambia mtu chakula kimechacha, anakimwaga.

Lakini mvuvi naye husema bahari imechacha, wala hazungumzii ladha. Anasema inavurugika, inapanda na kutoa povu. Vita navyo huchacha vinapopamba moto. Kwa hiyo kuchacha kuna sura mbili: kuchafuka kwa bahari na kuchacha kwa wali. Walatini nao walilitoa neno lao la kazi hii kwenye kitenzi cha kuchemka, kwa sababu waliona kioevu kikitokota bila moto. Divai inataka sura ya kwanza. Ya pili ndiyo inayoiharibu.

Tofauti hii ilimshughulisha mwanakemia Louis Pasteur huko Lille, Ufaransa, mwaka 1856. Mwenye kiwanda cha kutengeneza kileo kwa viazi sukari alimwendea akilalamika kwamba baadhi ya mapipa yake yanageuka kuwa makali. Pasteur alipotazama kwa hadubini, aliona vijidudu vya mviringo vya hamira katika mapipa mazima. Katika yaliyoharibika aliona vingine, vidogo zaidi, vyembamba kama vijiti. Mwaka uliofuata alitoa andiko lake kuhusu uchachu wa maziwa. Kila aina ya uchachushaji ina kijidudu chake. Mimi, kwa kufunika kwa kitambaa tu, niliviachia ndoo vijidudu vya siki, ambavyo vyenyewe huhitaji hewa ili kukigeuza kileo kuwa asidi, na kwa kweli huo wa siki wala hauingii katika maana kamili niliyoitaja hapo juu.

Nikarudia. Safari hii ndoo ilikuwa na mfuniko wa kubana, mrija umepita katikati yake, ncha ya pili imezama kwenye chupa ya maji ili gesi itoke na hewa isiingie. Asubuhi hapakuwa na kitu. Jioni povu la waridi likapanda, na mrija ukaanza kutema mapovu kwa kasi isiyohesabika. Ukiweka sikio kwenye ndoo unasikia mchakacho, kama mchanga wa pwani wimbi linaporudi. Pale ndipo nilipomwelewa mvuvi.

Hesabu ya mapovu hayo ni nzito kuliko inavyoonekana: gramu 180 za sukari ya zabibu hutoa gramu 92 za kileo na gramu 88 za gesi. Ina maana kwamba karibu nusu ya kilo yangu ya sukari ilitoka kwa ule mrija. Ndiyo sababu chupa ya kioo iliyozibwa kabla ya wakati hupasuka, na vigae vyake huumiza watu.

Wapo wanaopendekeza uumukaji badala ya uchachushaji. Mimi ningeuacha uchachushaji mahali pake, darasani na kwenye vitabu, kwa sababu unabeba divai, mtindi na togwa kwa pamoja. Jikoni, ambako mtu anasoma huku mikono imelowa, kuumuka kunafaa zaidi: kila aliyewahi kukanda unga wa maandazi anajua hamira inavyofanya kazi. Neno hamira lenyewe, tulilolipokea kutoka Kiarabu, lina shina moja na hamri, yaani divai. Na wapika pombe wetu wana neno la mwisho wa kazi ambalo sioni la kulizidi: pombe huiva.

Dada yangu aliponiomba ile karatasi, niliinakili upya. Mistari mitano niliiacha ilivyo. Wa sita nikauandika hivi: funika, pitisha mrija, iache iumuke mpaka mapovu yakome, ikiiva ichuje, usiiache ichache.