Hardwick Hall, nyumba ya vioo

Vijana wenzangu, leo tuongelee nyumba moja ya Uingereza. Inaitwa Hardwick Hall, iko Derbyshire, juu ya kilima. Ilianza kujengwa 1590 na mwenyewe akahamia 1597. Mwenyewe alikuwa mama, Elizabeth wa Shrewsbury, wengi wanamwita Bess. Alizaliwa hapo hapo Hardwick kwenye familia ya kawaida tu, akaolewa mara nne, akafiwa na waume wote wanne, mwisho akawa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi.

Ukiona picha yake, kitu cha kwanza ni madirisha. Zamani zile kioo kilikuwa bei kali sana, na Bess akakijaza karibu ukuta mzima. Sasa angalia vizuri: madirisha ya chini ni mafupi, ya katikati yamerefuka, ya juu kabisa ndiyo makubwa kuliko yote. Sio urembo tu. Chini walifanya kazi watumishi, katikati aliishi yeye na familia yake, juu palikuwa pa kupokea wageni wa heshima. Yaani ukisimama nje tu unajua nani ni nani ndani.

Ramani inasemekana ni ya Robert Smythson. Huyo fundi alikuwa mjanja. Sehemu za kuwashia moto na mabomba ya moshi aliyaweka kwenye kuta za ndani, ndio maana kuta za nje zikabaki huru kwa vioo. Na baadhi ya madirisha ni ya uongo: kwa nje unaona kioo, nyuma yake ni ukuta, ili pande mbili zilingane. Juu ya minara sita kumechongwa herufi E na S kwa mawe, kubwa, mtu azione toka mbali. Sisi tunaandika jina kwenye jerikeni, yeye aliandika juu ya paa!

Lakini vioo vingi ni baridi nyingi, ikabidi kuta zifunikwe kwa vitambaa vizito vilivyofumwa picha. Na mwanga wote ule haukumsaidia mjukuu wake, Arbella Stuart. Huyu alikuwa na damu ya kifalme, angeweza kurithi kiti cha enzi, kwa hiyo bibi yake alimlinda sana, hata kulala alilala chumbani kwa bibi. Ukumbi wa juu una urefu wa karibu mita 50, unaona mashamba hadi mbali, ila kutoka hawezi. Sisi tunaoomba kibali cha kutoka kambini tunamwelewa. Mwisho wa 1602, akiwa na miaka 27, alituma ujumbe wa siri kutafuta ndoa ili aondoke. Ukagunduliwa. Alihamishwa 1603. Mwaka 1611 alitoroka amevaa nguo za kiume, akakamatwa baharini, akafia gerezani London mwaka 1615.

Nyumba bado imesimama. Siku hizi inatunzwa na National Trust, na watu wanalipa kiingilio kuona madirisha yale.